Maneno ya Magurudumu: Kiswahili cha Butembo na Beni Kiingie Kamusini

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu majina tunayoyapa magurudumu mawili na kila kilichofungwa juu yake: kinga, velo au baiskeli; moto, yaani pikipiki; chukudu, chombo cha mbao cha kusukuma kwa mguu; guidon au usukani; frein au breki; pneu au tairi. Nina hoja moja, na nitaitetea hadi mwisho. Nasema kwamba maneno wanayotumia mafundi na waendeshaji wa Butembo na Beni kila siku ni Kiswahili kamili, na yanastahili kuandikwa kamusini, kufundishwa shuleni na kutumiwa katika mafunzo ya usalama barabarani, bega kwa bega na maneno ya pwani. Najua wapo watakaosema kwamba huku ni kuichafua lugha. Nitawajibu kwa heshima. Ushahidi wangu wa kwanza uko hapa kwetu, na wa pili nitautoa mbali, kwa wasemaji wa Kihispania, kwa sababu wao walikutana na tatizo hili hili na wakalitatua.

Tuanze na chombo kilichozaliwa kwetu Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Chukudu inatembea katika barabara za mkoa huu tangu miaka ya 1970. Mtazameni fundi anapoiunda. Kwanza anachagua mti mgumu kwa sehemu zitakazobeba uzito, maana mti laini utapasuka siku ya kwanza ya kubeba viazi. Anachonga magurudumu mawili ya mbao, kisha anayavika ukanda wa mpira aliokata kwenye tairi kuukuu la gari, na kuukaza kwa misumari ili gurudumu lisiliwe na mawe. Mbele anasimamisha mti wa kushikia wenye mikono miwili kama pembe. Juu ya ubao wa katikati anagongomea kipande cha ndala kuukuu au cha mpira, na hapo ndipo mwendeshaji anapoweka goti lake moja huku mguu wa pili ukisukuma ardhi. Mteremko ukifika na mzigo ukiwa mdogo, anasimama juu ya ubao na kuteremka. Chombo kikubwa hubeba mamia ya kilo za makabichi, makaa, mbao au simiti. Kila sehemu ya chombo hiki ina jina kinywani mwa anayeichonga na anayeiendesha, na jina hilo ni kifaa cha kazi sawa na nyundo. Mwanafunzi wa fundi akilikosea, anachonga mti usio wake. Mnunuzi akilikosea, anarudi nyumbani na kitu asichokihitaji.

Nataka mkumbuke jambo moja la historia kuhusu chombo hicho. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, Karl Drais aliendesha mashine ya mbao yenye magurudumu mawili, moja nyuma ya lingine, na mti wa kuielekeza mbele. Haikuwa na pedali wala mnyororo. Aliisukuma kwa miguu yake. Mashine hiyo ndiyo babu wa baiskeli zote duniani, na kanuni yake ndiyo kanuni ya chukudu. Pedali zilikuja Paris miaka ya 1860. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo Belfast, akaleta tairi la kujazwa upepo. Hapo ndipo habari inapotuhusu sisi Wakongo kwa uchungu. Matairi hayo yalihitaji mpira, na mpira mwingi ulitafutwa katika misitu ya Kongo, enzi nchi hii ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908. Watu walilazimishwa kugema mpira kwa bunduki na kwa kiboko, na waliopungukiwa na kipimo walikatwa mikono au kuuawa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba pneu ni kitu cha wageni na sisi tumekiazima jina tu. Wazee wa nchi hii walilipia tairi la dunia nzima kwa damu yao. Tunayo haki ya kulitaja kwa jina tunalolitaka.

Sasa, majina tuliyo nayo yalitufikiaje? Yalipita njia mbili. Njia ya kwanza ni shule, ofisi na misheni, ambako tangu enzi ya Wabelgiji Kifaransa kilitumika. Kutoka huko tulipata velo, guidon, frein, chaîne (mnyororo), pneu, chambre à air (mpira wa ndani), na hata jina la motari mwenyewe, yule dereva wa moto ya abiria. Njia ya pili ni barabara ya Kasindi. Bidhaa za Butembo na Beni hupita mpaka wa Uganda, zikitoka Kampala na bandari ya Mombasa, na wafanyabiashara wetu wanaokwenda kuzifuata hurudi na maneno pamoja na mizigo: spea, breki, tairi, pancha, boda boda. Hilo la mwisho lilizaliwa kwenye mpaka mwingine, kule Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana walikuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Zaidi ya njia hizo mbili, yapo maneno yetu wenyewe Wakongo. Kinga ni jina la baiskeli linalojulikana hadi Lubumbashi. Kisangani wana toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kwa neno la Kilingala. Mziba matairi Wakongo wengi humwita kwado, na muuza mafuta ya chupa kando ya barabara humwita kadhafi. Fundi wa Butembo anaweza kutumia maneno ya njia zote hizi ndani ya dakika moja, na mteja wake akamwelewa bila shida. Huo si upungufu wa lugha. Mji wa biashara unaopokea bidhaa kutoka pande mbili lazima uwe na majina ya pande mbili, na Butembo ni mji wa biashara kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa twende kwa Kihispania. Ni lugha ya karibu watu milioni 500 waliozaliwa nayo, waliotawanyika Ulaya, Amerika na hata Afrika, katika Guinea ya Ikweta. Mtu angedhani kwamba lugha kubwa namna hiyo, yenye chuo cha lugha kilichoanzishwa Madrid mwaka 1713, ina jina moja kwa kila kipande cha baiskeli. Haina. Usukani wa baiskeli huko Hispania ni manillar, lakini Ajentina na nchi nyingine nyingi za Amerika husema manubrio. Neno llanta huko Hispania ni rimu, yaani ile duara ya chuma. Ukivuka bahari hadi Meksiko, llanta ni tairi lenyewe, na rimu inaitwa rin. Kuba na Puerto Rico tairi huitwa goma. Tairi likitoboka, Mhispania husema pinchazo, na Mmeksiko husema ponchadura, neno lililotokana na Kiingereza kama ilivyo pancha yetu. Kwenye vyombo vya kuteleza mambo yamechanganyika zaidi. Chombo cha kusukuma kwa mguu mmoja, ndugu wa chukudu, Hispania kinaitwa patinete, Ajentina ni monopatín, na Meksiko ni patín del diablo. Monopatín hiyo hiyo, ukiitaja Hispania, watu watakuletea ubao wa kuteleza usio na usukani, ambao Mmeksiko huuita patineta. Lugha ni moja, watu ni wamoja, na kila mji unakitaja chombo chake kwa jina lake.

Wenye lugha hiyo walifanya nini? Kwa muda mrefu Madrid ndiyo iliyoamua, na maneno ya ng'ambo yalihesabiwa kuwa ya pembeni. Lakini mwaka 1951 vyuo vya lugha vya nchi mbalimbali vilikutana Meksiko na kuunda muungano wao, na leo vyuo hivyo ni 23, kikiwemo cha Guinea ya Ikweta. Mwaka 2010 wakatoa kamusi nzima ya maneno ya Amerika. Humo, na katika kamusi yao kuu, neno linaandikwa pamoja na alama ya nchi linakotumika. Msomaji akitafuta llanta anaikuta maana ya Hispania na maana ya Amerika, zote mbili ndani ya ukurasa mmoja. Hakuna anayemwambia fundi wa Meksiko kwamba hajui Kihispania. Na lugha haikuvunjika. Mwandishi wa Kolombia anasomwa Barcelona, na fundi wa Lima anasoma kitabu cha maelezo kilichochapwa Madrid, kwa sababu pale ambapo majina yanatofautiana kamusi inamwonyesha njia.

Narudi kwetu, nikianza na pingamizi la kwanza, ambalo ndilo zito kuliko yote. Watu husema: Kiswahili sanifu kipo tayari, kina usukani, breki, tairi na mnyororo, kwa nini tung'ang'anie maneno ya mtaani? Jibu langu linaanza na swali la nani alisanifisha nini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, na haikuwa na kiti katika kamati hiyo. Kwa hiyo baiskeli, breki, tairi, pampu na pedali ziliingia sanifu zikitokea Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya mtawala wa huko. Frein na guidon hazikuingia, kwa sababu wasemaji wake hawakuwepo mezani. Kama breki ni Kiswahili safi ingawa Mwingereza ndiye aliyeileta, kwa kipimo gani frein iwe takataka kwa kuwa ililetwa na Mbelgiji? Kipimo kikiwa ni historia ya ukoloni, yote mawili ni ya wageni. Kikiwa ni matumizi ya watu na kufuata sarufi ya Kiswahili, yote mawili ni yetu.

Na tukichimba zaidi, tunakuta kwamba maneno mengi ya magurudumu hayakutoka kwenye magurudumu yenyewe. Usukani wa pwani ulikuwa kwanza usukani wa chombo cha baharini, na neno lenyewe asili yake ni Kiarabu. Mabaharia walipoona gari na baiskeli, walichukua jina la kile walichokijua na kulipandisha nchi kavu. Wahispania walifanya vivyo hivyo na farasi. Freno yao, na frein ya Wafaransa tunayoitumia sisi, yote yametoka kwenye neno moja la Kilatini lililokuwa na maana ya hatamu, kile chuma cha mdomoni mwa mnyama. Basi watu wa bahari waliendesha baiskeli kwa lugha ya jahazi, na watu wa farasi kwa lugha ya hatamu. Sisi watu wa milima, wa biashara na wa mipaka ya lugha, tunaiendesha kwa maneno tuliyokusanya njiani. Hakuna aibu ndani yake.

Pingamizi la pili ni la umoja. Wanasema kila mji ukiingiza maneno yake, Mkongo na Mtanzania hawataelewana, na sasa ambapo nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, tunahitaji kuelewana kuliko zamani. Hofu hiyo ni ya kweli, na mimi sitaki mtoto wa Beni akose neno breki. Alijue, alisome, alitumie akifika Mpondwe, Kampala au Arusha. Lakini angalieni ni nini hasa kinachozuia watu kuelewana. Fundi wa Mwanza akikuta neno frein katika risiti iliyoandikwa Butembo, atalitafuta wapi? Kama halimo kitabuni, amekwama. Kama limo, na mbele yake pameandikwa kwamba ni neno la Kongo lenye maana ya breki, ameelewa na safari ya mzigo inaendelea. Kutoandika neno hakulifuti midomoni mwa watu. Kunamnyima tu mgeni nafasi ya kulielewa. Mfano wa llanta unatuonyesha kwamba umoja wa lugha unalindwa na kamusi iliyo wazi kwa wote.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wasomi wetu wenyewe. Wanasema Kifaransa kinatosha: sheria za barabarani zimeandikwa kwa Kifaransa, mitihani ni ya Kifaransa, cheti ni cha Kifaransa. Nakubali kwamba Kifaransa ndicho lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2006. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu chake cha kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na kuiagiza serikali iziendeleze. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo imezipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Zaidi ya sheria, kuna uhai. Motari anayeshuka mlima wa Butembo akiwa na abiria wawili na gunia mbele yake anahitaji kujua tofauti ya frein ya mbele na frein ya nyuma. Anahitaji kujua kwamba akibana ya mbele peke yake kwa nguvu kwenye vumbi au tope, gurudumu litakamata na moto itamtupa. Anahitaji kujua kwamba chaîne iliyolegea inaweza kuruka katikati ya mlima na kumwacha bila mvuto. Mambo hayo yakiandikwa kwa Kifaransa cha kitabuni, aliyeacha shule darasa la nne hayapati. Yakiandikwa kwa Kiswahili cha pwani tupu, anayapata nusu. Yakisemwa kwa maneno anayoyasikia kwa fundi kila asubuhi, anayapata yote.

Najua lipo pingamizi la nne, na wengi wenu mmelifikiria tangu nilipoanza kusema. Watu wa Beni wanauawa na waasi tangu mwaka 2014, mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, familia zinalala porini. Je, huu ni wakati wa kuzungumzia maneno ya baiskeli? Sitalikwepa swali hilo. Nawaombeni mkumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina, ikafika Beni, Butembo na Katwa, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewaua watu zaidi ya 2,200. Pesa zilikuwepo, chanjo zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Kilichokosekana mara nyingi ni kuaminiana na kuelewana. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza jambo hilo Goma na kukuta kwamba habari za Kifaransa na za Kiswahili sanifu hazikuwafikia watu vizuri, na kwamba wenyeji walitaka waelezwe kwa Kiswahili chao. Sisi wa Butembo na Beni hatukuhitaji kuambiwa na mtu. Lugha isiyo ya nyumbani huleta mashaka, na mashaka wakati wa hatari huua. Tena mamotari ndio waliokuwa wakibeba wagonjwa, wauguzi na habari. Anayetaka kuwafikia watu wetu siku ya hatari, lazima awe na maneno yao ameyaandika siku ya salama.

Watoto nao wana fungu lao katika hoja hii. Watoto wa Kivu Kaskazini hujiundia chukudu ndogo za mbao na kuteremka nazo vilimani. Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana walijijengea kwa mikono yao uwanja wa saruji wa kuteleza kwa mbao za magurudumu mwaka 2006, na mchezo huo sasa una wafuasi katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki. Mbao hizo na viatu vya magurudumu vitafika kwetu kwa barabara ile ile ya Kasindi, na vitafika na majina. Tukiwa na desturi ya kuandika tunachosema, tutavipokea kwa lugha yetu, na mtoto atakayevunja gurudumu atajua kumweleza fundi ni lipi na limevunjikaje.

Kazi yenyewe inawezekana, na haingoji fedha za wafadhili. Vyama vya mamotari, vya mafundi na vya wasukuma chukudu vikae na walimu wa Kiswahili, hapa Butembo na kule Beni. Kila kipande cha kinga, cha moto na cha chukudu kiwekwe mezani, kishikwe, na kiandikwe majina yake: linalotumika kwetu, la pwani, na la Kifaransa, pamoja na maelezo mafupi ya kazi yake. Redio zetu ziyasome maneno hayo katika vipindi vya usalama barabarani. Shule za ufundi ziyatumie katika masomo. Vyuo vikuu vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichopo mjini Butembo tangu 1989, viyahakiki na kuyapanga kitaalamu. Kisha orodha hiyo ipelekwe Zanzibar, kwenye Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa niaba ya wasemaji wa nchi ambayo sasa ina kiti mezani. Mwaka 1930 hatukuitwa. Safari hii mlango uko wazi, na tukikaa kimya, kamusi ijayo itaandikwa bila sisi kwa kosa letu wenyewe. Walimu, mafundi na mamotari, anzeni wiki hii, katika parkingi zenu na karakana zenu, kwa daftari moja na kalamu moja.